Perege Sitini Uani

2 Machi

Leo, tarehe mbili Machi, nimetimiza miaka thelathini na minne, miezi minne na siku kumi na moja tangu nitoke kwetu. Nilitoka na mke, mtoto mmoja mgongoni kwake, mwingine nimemshika mkono, na kamusi isiyo na jalada. Kamusi ninayo bado.

Mdogo wangu amepiga simu asubuhi. Wazee wameamua kugawa bonde la marehemu baba wiki ya kwanza ya Juni, mvua zikishaisha. Kila mtoto atasimama kwenye kipande chake kwa miguu yake mwenyewe, na asiyesimama hana kipande. "Kaka, ardhi haipokelewi kwa simu," alisema. Bwawa la samaki la baba limekauka. Kijito kilikufa zamani, kimebaki kisima kimoja. Lakini nimesoma kwamba siku hizi watu hufuga samaki kwa maji machache yanayozunguka kati ya tangi na mboga, hata tone halimwagwi.

Nilimweleza mke wangu. Alikuwa anachambua mchele, akajibu bila kuinua kichwa: "Baba Wawili, sisi hata kuku walitushinda."

Kweli, kuku walitushinda. Nikamwambia nitajifunza hapahapa uani, msimu huu huu, na nikiweza hapa nitaweza kule. Akachambua mchele mpaka ukaisha. Halafu akaweka ungo chini.

"Sawa. Mvua zikiisha na samaki wako wako hai, narudi na wewe, na hutanisikia nikinung'unika. Wakifa, tunabaki, na habari ya bonde nisiisikie tena mpaka unizike."

"Wakibaki wangapi?"

"Nusu. Sikuonei. Andika, maana wewe usichokiandika hukijui."

Nimeandika. Perege sitini wataingia. Thelathini wawe hai tarehe 31 Mei. Shahidi ni binti yetu, ambaye tunaishi kwake. Amesema, "Wazazi wangu mnacheza kamari na samaki," akachukua mkoba akaenda kazini.

5 Machi

Fundi Bomba ameleta matangi mawili kwa mkokoteni. Tunapakana naye ukuta kwa ukuta. Riziki yake ni kuunganisha mabomba ya watu, kisha kuitwa wiki inayofuata kuyaziba, na Jumamosi huchomelea mageti. Matangi ni ya plastiki nyeupe, lita elfu moja kila moja, yamezungushiwa vyuma kama vizimba. Niliingiza kichwa katika moja nikanusa.

"Mzee Nukta, hilo ni tangi, si bibi harusi," Fundi akasema. "Lilikuwa na shira ya kiwanda cha juisi. Nyuki wametufuata njia nzima, muulize punda."

"Hukuja na punda."

"Basi punda ni mimi, na nimeumwa."

Jina la Mzee Nukta alinipa yeye. Hapa ugenini nimefanya kazi ya kusahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka ishirini na sita, na siku tulipohamia mtaa huu nilimwonyesha makosa matatu kwenye kibao chake cha biashara. Hajayarekebisha mpaka leo. Anasema yanamletea wateja.

6 Machi

Mgongo.

9 Machi

Kazi imekamilika, isipokuwa rangi. Tangi la kwanza Fundi amelikata theluthi ya juu, akaigeuza kifudifudi juu ya fremu, ikawa kitanda cha mboga. Chini yake wataishi samaki, katika lita mia saba. Tangi la pili amelipasua kati, tumepata vitanda vingine viwili. Vyote vitatu tumevijaza kokoto. Pampu ndogo inavuta maji kutoka kwa samaki na kuyapandisha kwenye kokoto, nayo yanachujika taratibu na kurudi chini kwa kelele ya mtu anayesukutua.

Siri iko kwenye kokoto. Kinyesi cha samaki kinatoa amonia, ambayo ni sumu. Ndani ya kokoto huzaliwa vijidudu visivyoonekana, navyo huigeuza ile sumu kuwa chakula cha mboga. Vijidudu vikistawi, samaki wanaishi. Vikifa, samaki wanakunywa uchafu wao wenyewe. Nina vijikaratasi vya kupimia: njano ni salama, kijani ni hatari.

Nilimweleza Mama Wawili yote hayo huku nikionyesha kwa fimbo. Alisikiliza kwa heshima.

"Kwa hiyo mchicha unakula mavi ya samaki."

"Kwa kifupi, ndiyo."

"Na wewe utaula?"

"Kwa moyo mmoja."

"Haya. Mimi nitakutazama."

Majirani humwuliza kwa nini anaitwa Mama Wawili ilhali ana binti mmoja. Huwajibu, "Hesabuni vizuri," akaendelea na shughuli zake.

15 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha kuanzia saa nne mpaka saa saba. Tumepaka matangi rangi nyeusi kati ya manyunyu ili mwanga usipenye na kuotesha ukungu wa kijani.

17 Machi

Wameingia. Sitini, kila mmoja urefu wa kidole cha kati. Mama anayeuza vifaranga vya samaki aliwaleta mwenyewe katika mifuko iliyojaa hewa, akaiacha ielee tangini kwa nusu saa kabla ya kuifungua, wasishtuke. Ni mwanamke mnene, mkavu wa maneno. Aliniandikia masharti kwenye karatasi, akaniamuru niyasome kwa sauti: maji ya bomba yaachwe wazi siku mbili kabla ya kuongezwa, dawa yake itoke, kokoto zisioshwe kamwe, pampu isizimike zaidi ya saa moja.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Wasomi huwa mnaelewa haraka, halafu mnanipigia simu."

Karatasi nimeibandika humu daftarini, isipotee.

Mgongo hauniruhusu kunyanyua ndoo. Mama Wawili amekubali kuwaongezea maji kila Jumamosi, ndoo nne kufidia yanayokauka. "Nisije nikaambiwa nimewaacha na kiu," amesema.

20 Machi

Wanakula kama wanafunzi wa bweni. Sitini.

23 Machi

Watatu wameelea. Hamsini na saba. Yule mama wa vifaranga anasema wachache hufa kwa uchovu wa safari. Nimewazika kando ya ukuta.

26 Machi

Kijikaratasi ni kijani. Wiki hizi za mwanzo ni kawaida.

30 Machi

Sita. Hamsini na mmoja.

Kila asubuhi Mama Wawili anaweka chai mezani na kuuliza, "Wangapi?" Namjibu. Anasema, "Pole." Mwanzoni niliisikia pole. Leo nimejikuta naipima, kama nilivyokuwa napima neno ambalo limeandikwa sahihi lakini halikai vizuri kwenye sentensi.

2 Aprili

Mvua siku nzima. Vijikaratasi kijani. Kokoto zilipaswa kuwa zimeanza kazi sasa. Ni kana kwamba kila vikianza kuzaliwa kuna mtu anavinyonga.

6 Aprili

Wanane. Arobaini na watatu.

Nimerudi kwenye kurasa za nyuma. Vifo vyote vimetokea Jumapili. Tarehe 23, tarehe 30, na leo. Siku za katikati hafi hata mmoja. Basi kosa linaingia Jumamosi. Na Jumamosi ni nani anayepuliza rangi kwenye mageti yake ya chuma, upande wa pili wa ukuta, upepo ukija kwetu?

Nilikwenda bila hata kuvaa viatu vya mvua. Fundi alikuwa anakunywa chai barazani.

"Rangi yako inaua samaki wangu."

"Karibu, Mzee Nukta. Keti kwanza, ndiyo unishtaki."

"Sikai. Kila Jumamosi unapuliza, kila Jumapili nazika."

"Jumamosi hii sikupuliza. Mvua ilinyesha, nani hupaka rangi kwenye mvua?"

Nilipaswa kunyamaza hapo. Badala yake nikasema kwamba hata tangi lenyewe silijui lilibeba nini, na kwamba mtu asiyeweza kuandika kibao chake bila makosa anaweza kuniambia shira kumbe ni sumu.

Aliweka kikombe chini polepole.

"Mzee wangu, kunichekea kibao sawa. Lakini mimi na wewe tumepakana ukuta mmoja miaka tisa. Kama nimekuletea sumu nyumbani kwenye mtoto mdogo, basi usinipigie hodi tena."

Mtoto mdogo ni mjukuu wangu, ana miaka mitatu na ushee, na humwita Fundi babu. Nilirudi na miguu yenye matope. Mama Wawili alinipa maji ya kunawa.

7 Aprili

Fundi hajanisalimia.

9 Aprili

Mdogo wangu kwenye simu: "Kaka, wazee wanauliza wakuwekee kigingi au wasikuwekee?" Nimesema wakiweke. Mke wangu alikuwa mlangoni, na kapu la nguo nyongani. Alipita.

11 Aprili

Nawazia jambo ambalo sitaki kuliandika. Bado kumi na wanne tu wafe, naye atakuwa ameshinda.

12 Aprili, Jumamosi

Jua kidogo asubuhi, baadaye mawingu. Nilikuwa napima maji, nimempa mgongo mjukuu. Nikasikia Mama Wawili akipiga ukelele ambao sijausikia tangu tulipokuwa vijana. Mtoto alikuwa amechota maji ya tangi kwa kikopo chake cha bluu, anakunywa. Alikuwa ameshamaliza nusu. Bibi yake alimpokonya kikopo, akamwinamisha, akamtia kidole mdomoni. Mtoto akalia kwa woga, si kwa ugonjwa.

Nikacheka. Nilitaka kuituliza hali, ndiyo maana nilicheka. Nikasema: "Mama Wawili, usimuue kwa vidole. Maji yenyewe safi. Tazama, unaona mpaka chini."

Alinitazama. Alimbeba mtoto ndani, na mchana wote hakunisemesha.

Neno hilo nilishawahi kulisema mara moja. Nimelitambua lilipokuwa limeshatoka.

13 Aprili, Jumapili

Naandika adhuhuri, mikono imenywea kwa maji. Nitayaandika yote kwa mfuatano.

Asubuhi uani kulinuka kama wodi. Kumi na wawili walikuwa wameelea ubavu, matumbo meupe. Waliobaki walikuwa juu kabisa, midomo nje ya maji, wanahema. Juu ya ukuta mfupi ilikuwepo ile chupa ya dawa ya kuulia vijidudu vya maji, ambayo kwetu haikosekani jikoni. Ilikuwa tupu, kizibo kimefungwa vizuri.

Mke wangu alikuwa anafagia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kiasi gani?"

"Lita mia saba ni ndoo thelathini na tano. Kizibo kimoja kwa kila ndoo. Sikuzidisha, sikupunguza."

"Na Jumamosi zile zote?"

"Kizibo kimoja kila ndoo, kama ninavyofanya siku zote. Ndoo zako zinalala wazi siku mbili, Baba Wawili! Mende, vumbi, mvua ya bati! Ulitaka nimimine hivyohivyo, na mtoto anashika humo kutwa?"

Nilisema neno ambalo naliweka hapa ili kesho nisije nikalikana. Nilisema: "Umewaua ili ushinde."

Aliegemeza ufagio ukutani.

"Ningetaka kushinda ningechukua jiwe nikawapiga mchana kweupe, wewe unaniona. Miaka arobaini na moja umenioa. Lini uliniona nanyemelea kitu?"

Nilichukua ile chupa tupu, nikaigeuza mkononi.

"Ulinisomea wapi kwamba dawa inawaua? Niambie. Siku gani?"

Karatasi ya yule mama wa vifaranga iko humu, kurasa chache nyuma. Niliisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya aliyeiandika. Mke wangu alikuwa sokoni. Nikaibandika kwenye kitabu ambacho yeye hakigusi.

Halafu akalisema. Hakupandisha sauti.

"Kambini ulisema maji ni safi. Ulisema, tazama, unaona mpaka chini. Jana umelisema tena. Kwa sauti ileile, na kicheko kilekile."

Kifungua mimba wetu alikuwa na miaka minne. Ulikuwa msimu wetu wa kwanza wa mvua katika kambi ya wakimbizi. Foleni ya bomba ilikuwa ya nusu siku, na nyuma ya mahema kulikuwa na kijito kinachong'aa. Mke wangu alisita, mimi nikamwonyesha kokoto za chini, moja moja. Mtoto alikunywa jioni. Alitutoka siku ya pili, kabla ya adhuhuri. Baada ya maziko watu wa huduma walipita wakigawa chupa za dawa, kizibo kimoja kwa ndoo moja. Tangu siku ile hajaingiza maji ndani ya nyumba bila dawa, na chupa haijawahi kumwishia.

Kwa miaka thelathini na minne hakunilaumu hata mara moja. Nikajiaminisha kwamba amesahau ni nani aliyekwenda kuchota. Mimi mwenyewe kila nilipoisimulia habari ile nilisema "tulichota". Kazi yangu ilikuwa kuona makosa ya watu.

Nilitaka kumwomba radhi. Yeye akatazama tangi. "Hawa wanaokufa utawaacha?"

Wakati huo mvua ikaanza, ya nguvu. Nikakumbuka: maji ya mvua hayana dawa. Lakini paa halina mfereji, na mwenye mabomba hataki nimpigie hodi. Sikupiga hodi. Nilisimama mvuani nje ya dirisha lake nikaita.

"Fundi! Haikuwa rangi, wala haikuwa tangi. Nilikukosea."

Sauti ikatoka ndani: "Rudia, mvua ina kelele."

"Nilikukosea!"

"Na kibao?"

"Kibao hakina kosa hata moja!"

"Huo sasa ni uongo," akasema, akatoka na mabomba mawili begani.

Ndani ya dakika ishirini alikuwa amelifungia paa mfereji wa bomba lililopasuliwa. Tulikinga beseni, sufuria, ndoo, hata bafu la mtoto. Mimi nilifungulia maji ya zamani yatoke, Fundi akamimina mapya, mke wangu akabadilishana naye, kanga imemgandia mwilini. Tulipoacha, maji mengi ya tangi yalikuwa ya mvua.

Nimehesabu mara tatu. Thelathini na mmoja.

14 Aprili

"Wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

Hakusema pole. Alinimiminia chai.

16 Aprili

Mama wa vifaranga amenikaripia kwa simu mpaka sikio likapata moto, kisha akanitumia ndoo ya kokoto chafu kutoka kwake. Vijidudu vyake viko humo, vitavifundisha vyetu kazi. Nimezimwaga kwa heshima kama mtu anayepokea mahari.

Karatasi ya masharti nimeibandua humu. Iko ukutani jikoni.

19 Aprili, Jumamosi

Fundi amefunika tangi kwa wavu wa chuma wenye kufuli. Mama Wawili ameweka kando yake kidumu cha maji ya kunywa ya mtoto, yenye dawa, na kikopo cha bluu kimefungwa kwa kamba. Ndoo nne za samaki ameziongeza bila dawa. Nimeona mkono wake ukitafuta chupa kwenye ukuta mfupi, mara mbili, haipo.

20 Aprili, Jumapili

Hakufa hata mmoja.

25 Aprili

Kijikaratasi si kijani wala si njano. Kama embe linaloanza kuiva.

3 Mei

Njano.

4 Mei

Njano. Mchicha umefika gotini. Nimeula, akanitazama kama alivyoahidi. Mwishowe akachukua jani moja. "Hauna ladha ya mavi," alisema.

11 Mei

Mdogo wangu amepiga tena: wanangoja jina langu tu. Thelathini na mmoja wako hai, wamefikia urefu wa kiganja. Ninashinda. Kila asubuhi ninashinda, na chai naiacha nusu.

16 Mei

Nimewakuta Fundi na mke wangu wananong'ona penye ukuta. Fundi alikuwa na vipande vinne vya bomba la chuma, anavipima kwa futi: viwili vya futi nne, viwili vya futi mbili. Nilipotokea wakaanza kuzungumzia mvua.

"Zinaelekea kuisha," Fundi akasema, huku imemlowesha.

Wanafanya nini? Kwenye tangi hapahitajiki bomba lolote. Najionya: nilishawahi kumshuku kila mmoja wao, na mara zote mbili mkosaji nilikuwa mimi.

22 Mei, Alhamisi

Nilitoka saa mbili asubuhi kwenda ofisi ya vibali vya safari. Foleni, muhuri, dirisha la tatu, rudi dirisha la kwanza. Saa tano ikaja mvua ambayo haikuwa ya mwisho wa msimu hata kidogo. Daraja la chini likafunikwa na maji, magari yakasimama. Saa sita taa za ofisi zikazimika, na karani akatangaza kwamba umeme umekatika mji mzima.

Pampu isizimike zaidi ya saa moja.

Nilipiga simu nyumbani, haikuita. Binti alikuwa kazini. Nyumbani alikuwepo mke wangu peke yake na mtoto. Wawili tu wakifa, anabaki. Hahitaji kufanya lolote. Hahitaji hata kuvuka mlango. Akae tu jikoni anywe chai, na hakuna mtu duniani atakayemlaumu, hata mimi.

Nilianza kutembea. Maji yalinifika magotini kwa kipande kirefu. Nilifika saa kumi na mbili kasoro robo, na mwanga ulikuwa bado upo.

Alikuwa amesimama juu ya kigoda kando ya tangi, wavu ameufungua, mjukuu amelala chini ya mwavuli kwenye beseni lenye nguo. Anachota maji kwa kopo, anainua mkono juu ya kichwa, anayamwaga kutoka juu ili yaingie na hewa. Anachota, anainua, anamwaga. Mkono wa kulia ulikuwa umekataa. Alikuwa anatumia wa kushoto. Hakunisikia kuingia.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ilipozima." Hakuacha. "Walikuja juu, wanahema. Kama siku ile."

Karibu muda wa saa sita nzima. Nilimpokea kopo, vidole vyake havikukunjuka, ikabidi nivifungue kimoja kimoja. Nikachota, nikainua, nikamwaga. Umeme ulirudi baada ya nusu saa.

"Hesabu," akaniambia, amekaa kwenye kigoda. "Nisije nikaambiwa."

"Sitasema hivyo tena."

"Hesabu."

Thelathini na mmoja.

"Mama Wawili, ungewaacha ungebaki."

Alikuwa anasugua bega. "Kifo cha maji nimekiona mara moja. Siwezi kukaa pembeni nikakingoja."

23 Mei

Bega lake limevimba. Nimelichua kwa mafuta ya moto.

27 Mei

Jua.

30 Mei

Jua. Ardhi ya uani imeanza kupasuka nyufa nyembamba. Mvua zimeisha. Kibali cha safari kimetoka, kina majina yetu mawili yameandikwa bila kosa.

31 Mei, Jumamosi

Tumehesabu saa tatu asubuhi. Binti alikuwepo kama shahidi, na Fundi alijialika. Tuliwahamishia kwenye beseni watano watano, kila mmoja anahesabu kwa sauti yake, mjukuu akiruka kutoka nne mpaka tisa.

"Thelathini na mmoja," binti akasema. "Baba umeshinda."

"Nimeshindwa," Mama Wawili akasema. Akaingia ndani, akatoka na begi lililokwisha kufungwa. Alilifunga lini, sijui. Akaliweka kizingitini, akamgeukia Fundi. "Kazi yangu iko wapi?"

Fundi alikwenda upande wake akarudi nayo. Ni yale mabomba manne, amekwisha kuyaunganisha yakawa fremu ya futi nne kwa mbili, ina miguu mifupi, imepakwa rangi nyeupe. Ameichoma vizuri, pembe zote zimelingana. Sikuwahi kuiona kazi yake ikilingana hivyo.

"Hii ni ya nini?" binti akauliza.

"Ya ndugu yako," mama yake akamjibu. "Kule makaburi ya kambini majani hufunika kila mvua. Mimi nilikuwa nakwenda kung'oa. Sasa tukiondoka atakayekwenda ni wewe, na wewe hupajui vizuri. Ukiona chuma cheupe, ndipo. Futi nne zinamtosha."

Hakulia. Alikuwa anafuta rangi iliyochuruzika kwenye pembe moja kwa ncha ya kanga. Nilifahamu kwamba alipokuwa juu ya kigoda siku ile ya mvua, anawanusuru samaki watakaomwondoa hapa, fremu hii alikuwa ameshaiagiza. Alikuwa ameshaaga.

Nilichukua simu nikaketi juu ya begi lake. Mdogo wangu alipokea haraka, nyuma yake watu wanaongea.

"Kaka! Umepanda gari?"

"Kigingi changu king'oeni. Kipande hicho ni chako."

"Kaka, umeugua? Miaka yote hii ulikuwa unaliota bonde."

"Sijaugua. Huku nina mtoto, siwezi kumwacha."

"Binti si mtu mzima sasa?"

"Siye huyo," nikasema. "Yule mkubwa."

Alisikia. Alikuwepo siku tulipotoka. Alimbeba mabegani mpaka njia panda. Akaniambia, "Haya, kaka. Msalimie."

Mama Wawili alikuwa amesimama na fremu mkononi, ananitazama kama alivyonitazama siku nilipomweleza habari ya mchicha. "Tuliandikiana," akasema. "Umeshinda, tunakwenda. Sitaki huruma."

"Si huruma. Mimi ndiye niliyechota yale maji. Nitakwenda kung'oa majani."

Akaegemeza fremu ukutani, akaniambia niinuke juu ya begi, nitamvunjia vikombe.

Jumatatu tutapanda gari la asubuhi mpaka kambi ya zamani, mimi, yeye na Fundi, ambaye anasema hakuna mtu mwingine anayejua kusimika fremu yake. Perege thelathini na mmoja wamerudi tangini. Kijikaratasi ni njano. Kibali cha safari nimekiweka ndani ya kamusi.

Sitarudi kwetu.